Kijiti Kifuani

9 Machi

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya na wateja. Mimi ni mzima, ukiacha goti la kushoto ambalo limejifanya mtabiri wa mvua, na macho, ambayo nitayasema mbele. Jirani yetu mshonaji anakusalimu na anauliza kama bado hujaolewa. Nimemwambia hujapata anayekustahili. Alicheka kicheko ambacho sikukipenda.

Naandika kwa sababu kwenye simu tunagombana. Ukikasirika unakata, nami nabaki nahutubia ukuta. Karatasi haina kitufe cha kukata. Dereva wa gari la maziwa ameniahidi atakufikishia mkononi.

Binti yangu, mpuliza chupa amerudi.

Usiitupe barua. Nimekuwa nikimsikia tangu mvua zilipoanza, kwenye matete ya ng'ambo ya bwawa. Sauti ni ile ile, kama mtu anapuliza mdomo wa chupa tupu: huu, huu, kisha kimya. Ila safari hii sikuishia kusikia. Nimeijua njia yake. Kukipambazuka anatoka kwenye matete, anapanda kisiki kikavu kilichochomoza majini, anajinyoosha, anapuliza chupa yake, halafu anashuka. Kisiki hicho hicho kila mara, kama mzee na kiti chake. Nimejenga kibanda cha matete mkabala nacho, kinaingia watu wawili waliozoeana. Na kifua chake kina rangi ya kutu, mwanangu, kama nilivyosema miaka ile. Kama nilivyosema!

Wataalamu wa ndege wanasema hakuna mtu aliyewahi kumpiga picha. Wana sauti yake na manyoya machache ya kuokota, basi. Wewe una kamera. Mimi nina kisiki. Njoo.

Baba yako


21 Machi

Shikamoo baba,

Nimefurahi kusikia u mzima. Nami ni mzima, ila miguu imevimba kwa kusimama. Ni majira ya harusi, na kila bibi harusi anataka picha ya mtu mwingine mwenye sura yake. Mwambie mshonaji nikipata mume nitamletea kitambaa, na ule mdomo wake aushonee humo humo kwenye pindo.

Baba, siji.

Nilikuwa darasa la tano ulipoandika kwenye ripoti ya bwawa, katikati ya kina cha maji na hali ya uzio, kwamba umemwona mpuliza chupa kwa macho yako. Mkuu wa idara yenu ya maji akaisoma kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote. Akakuuliza, "Umeona?" Ukasimama ukasema, "Nimeona." Akarudia kukuuliza. "Nimeona." Walicheka mpaka mmoja akaanguka na kiti chake. Kesho yake ukahamishiwa getini, kufungua na kufunga, na mji mzima ukakuita Mzee Nimeona.

Wewe jina hilo ulilibeba. Na mimi je? Mtoto wa Nimeona, umeona chaki? Mtoto wa Nimeona, umeona jibu? Hata mwalimu alicheka, tena akajifanya anakohoa. Wewe unawaambia watu nilikuja huku kutafuta kazi. Nilikuja kutafuta mahali ambapo siitwi hivyo, na nilipopapata ndipo nikatafuta kazi. Hata marehemu mama, Mungu amrehemu, alisema yule ni chura tu anayejisikia.

Halafu uliahidi kuyasema macho mbele, na mbele hukuyasema. Yana nini?

Mwanao


2 Aprili

Marahaba mwanangu,

Sijambo. Goti lilisema kweli, mvua imenyesha.

Macho ni hivi. Daktari anasema ni presha ya macho, na kinachoondoka hakirudi. La kushoto limekwenda zake. La kulia limeniachia tundu katikati, natazama dunia kama anayechungulia kwenye bomba. Mtu wa maziwa nikimwona mdomo, kofia simwoni.

Ukimwota mama yako mwambie chura hana mkia.

Ningependa kukuandikia kwamba sijali mji unaniitaje. Ningekuwa naongopa. Najali. Nimefungua geti lile na kulifunga hadi nikastaafu, na hakuna siku ambayo mtu hakupita akasema, "Leo umeona nini, mzee?" Nimezeeka nikiwa mzaha, na sitaki kuzikwa nikiwa mzaha. Nataka kile nilichokiona kiwe kitu cha kushikika, wakati bado nina tundu la kukitazamia. Kama hutaki kuja kwa ajili ya ndege, njoo kwa ajili ya jicho.

Baba yako


30 Aprili

Shikamoo baba kipenzi,

Nimefika salama huku mjini. Matope ya bwawa bado yamo ndani ya viatu, na mgongo bado unanikumbusha kibanda chako cha watu waliozoeana. Tulizoeana kweli, maana hapakuwa na nafasi ya kufanya vingine.

Baba, nimeshindwa kunyamaza. Asubuhi zote zile zilikuwa bure. Mara ukungu, mara amejificha nyuma ya matete anapuliza tu kutudhihaki, mara mimi nimepiga chafya, nawe ukanitazama kama niliyevunja sahani za wageni. Asubuhi ya mwisho nilikuwa nimekwisha kukata tamaa, nawaza basi. Ukanishika kiwiko. Nikamwona. Ni mdogo kuliko nilivyodhani, mkia ameuinua, jicho kama punje ya pilipili manga, na kifua kile cha kutu. Mimi ninayepiga watu picha kutwa nzima nilisahau kidole changu kiko wapi, mpaka uliponifinya. Nikapiga mara moja. Mlio wa kamera ukamshtua akadondoka ndani ya matete, na hapo wewe ukaanza kucheka peke yako na machozi yanakutoka.

Ni moja tu, baba, lakini ipo na imetulia. Nimekuchapia kubwa, imo ndani ya kadibodi, mwambie dereva asiikalie. Kuna kijiti kimechomoza kwenye kisiki kikampita kifuani, ila ndivyo alivyokaa mwenyewe, hatukumpangia.

Shuleni nilikuwa nikiwajibu wenzangu kwamba baba yangu haongopi. Nilijibu kwa sababu ulikuwa baba yangu, basi. Sasa najibu kwa sababu nami nimeona. Nimelisema neno lenyewe njiani, ndani ya basi, kwa sauti. Abiria wa pembeni akahamisha mkoba wake.

Mwanao akupendaye


8 Mei

Mwanangu, mboni ya jicho langu lililobaki,

Pokea salamu nyingi zisizo na idadi. Mimi ni mzima kupita kiasi. Goti limeona aibu limepoa lenyewe.

Picha imefika, haikukaliwa. Nimeibandika dirishani penye mwanga nikaisogelea hadi pua ikagusa. Ni yeye. Nimekaa naye asubuhi nzima, chai ikapoa.

Nina ombi, na usinicheke. Ni kile kijiti. Kwa tundu hili nililonalo, kijiti kinamkata ndege vipande viwili. Nikitazama juu napata kichwa, nikitazama chini napata miguu, na kifua chenyewe, kifua nilichokipigia kelele maisha yangu yote, kimezibwa na fimbo. Na watu wa hapa unawajua. Nikiwaonyesha hivi watasema ni jani kavu, ni kipande cha bati, ni chochote kile mradi kisiwe ndege. Wewe unawaondolea mabibi harusi chunusi. Uliniambia mwenyewe umewahi kumwondolea mwanasiasa tumbo. Kijiti kitakushinda? Kitoe. Na jicho uliwashe kidogo, liwe hai kama lilivyokuwa. Hapo hakuna uongo, ni kufagia tu mbele ya mlango.

Halafu ndiyo uitume kwa wataalamu. Nataka wamwone akiwa amevaa vizuri.

Baba yako


17 Mei

Shikamoo baba,

Natumaini afya bado imepita kiasi. Huku tunaendelea, harusi juu ya harusi.

Kazi yako imekwisha. Kijiti nimekitoa, pale kilipopita nimejaza manyoya niliyoyaazima pembeni yake, na jicho nimelitia nukta ya mwanga. Nilisita kidogo, nikijiambia mbona alipendeza vile vile alivyokuwa. Kisha nikakumbuka tunachoambiana hapa studio: picha ni ile mteja aliyoikubali. Nawe ndiye mteja wangu mkubwa. Bosi ameipenda, akaniomba nakala, ameitundika karibu na mlango ili wanaosubiri wasilalamike.

Wataalamu nimewatumia hii hii nzuri, pamoja na jina la mahali na maelezo ya kibanda. Kadi ya kamera nimeshaifuta kama kawaida yetu. Jumamosi kuna harusi kubwa, na kadi nzuri tunayo hiyo moja. Mteja akishakubali, ile ya kwanza haina kazi.

Nakala yako hiyo hapo. Mwangalie sasa kifua.

Mwanao


1 Juni

Binti yangu,

Salamu kwanza, halafu sijui nianzie wapi.

Nimeipeleka picha kwa kinyozi, kwa sababu hapo ndipo mji unapokaa. Kaitundika juu ya kioo. Sasa mtu akinyolewa anamwona ndege kuanzia mwanzo hadi mwisho, hana pa kukimbilia. Kinyozi anasema wengine wanakuja na vichwa ambavyo havijaota nywele za kunyoa.

Na mkuu wa idara alikuja! Yule yule. Amestaafu naye, kaota mvi, anatembea kama anayepima sakafu. Alivaa miwani, akaisogelea picha, akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Akanipa mkono, baba yako huyu, mbele za watu. Ulikuwa mkono laini wa mtu aliyekuwa akisaini tu, lakini nimeushika kwa muda wake wote.

Bado wananiita Nimeona. Ila sasa wanalisema kwa upole, kama wanavyosema mwalimu au fundi. Sikujua jina lile lile linaweza kuwa na ladha nyingine.

Jibu la wataalamu likifika niandikie haraka. Nimeahidi kwamba kinyozi ataisoma barua yako kwa sauti, mbele ya watu wote, na mkuu naye atakuwepo. Zamani alinisomea yeye. Sasa nimsomee mimi.

Baba yako mwenye furaha


14 Julai

Shikamoo baba,

Baba, barua hii usimpe kinyozi. Isome mwenyewe polepole, ikishindikana mpe mshonaji, mkiwa ndani na mlango umefungwa.

Wataalamu wamejibu. Wameandika kwa adabu, sina la kuwalaumu. Wanasema walipoikuza picha walikuta manyoya ya kifuani yamejirudia, kipande kile kile juu ya kipande kile kile, na mwanga wa jichoni unatoka upande ambao jua halikuwepo. Wanasema picha imechezewa. Wanaomba ile ya asili kama ilivyotoka kwenye kamera, na wakiipata watafurahi kuliko sisi.

Ya asili sina, baba. Niliifuta. Nimempelekea kadi fundi wa kompyuta, kaihangaikia, akapata harusi tatu na ubatizo. Ndege hayumo. Ile uliyonayo wewe, ya kijiti, niliyokuchapia mwanzo, kama bado ipo nitumie kesho kwa dereva. Wamesema karatasi peke yake haitoshi kuwa ushahidi, lakini ni bora kuliko mikono mitupu.

Pole baba. Najua ulivyoisubiri.

Mwanao


25 Julai

Kwako,

Mimi ni mzima. Anayeandika kwa hasira lazima awe mzima.

Barua yako ilifika siku ya soko. Dereva aliniletea pale pale kwa kinyozi, watu wamejaa mpaka kizingitini, mkuu amekaa kwenye kiti kikubwa kavaa shuka la kunyolea. Sikuweza kusoma hata anwani. Nikampa kinyozi. Akafungua, akasoma kwa ile sauti yake ya mnadani: "Baba, barua hii usimpe kinyozi." Watu wakaangua kicheko, wakidhani ni utani wako. Wakasema endelea, endelea. Akaendelea.

Alipofika kwenye manyoya yaliyojirudia akawa anasoma polepole, kama anayetafuta pa kuegesha. Sikumzuia. Ningemzuiaje? Mkuu alivua shuka mwenyewe, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mmoja bado, akasema, "Afadhali zamani, ulikuwa unaongopa kwa mdomo tu." Akatoka nje hivyo hivyo.

Picha imeshushwa. Kinyozi kanirudishia imekunjwa mara mbili.

Ile ya kijiti unayoiuliza niliitumia kuzibia kioo cha jikoni kilichovunjika, mvua zimeila. Ulikuwa umenipa nzuri, ya nini nikae na mbovu?

Wewe ndiye fundi. Mimi ni kipofu wa getini. Fundi ndiye anayejua kipi kinafutwa na kipi hakifutwi. Nilikuita uje unitoe kwenye uongo, ukanipigilia humo misumari.

Baba


6 Agosti

Shikamoo,

Mimi ni mzima pia.

Barua yako ya tarehe nane Mei ninayo mbele yangu. Umeandika: "Kitoe. Na jicho uliwashe kidogo." Umeandika: "Hapo hakuna uongo, ni kufagia tu mbele ya mlango." Ni mwandiko wako, mkubwa, wenye kupanda mlima. Nikikosea nisahihishe.

Nilikuambia ndivyo alivyokaa. Ndege wa kweli nilikuletea, na kijiti chake, na kivuli chake. Ukamkataa. Ulitaka ndege wa kuwakomoa watu. Nikakupa, kwa sababu wewe ni baba yangu na kwa sababu kazi yangu ni kuwapa watu nyuso wanazozitaka. Kosa la kufuta kadi ni langu, nalibeba na kulala nalo. Kosa la kijiti tugawane. Na la kinyozi ni lako peke yako, maana nilikuonya kwenye mstari wa kwanza.

Umesema mkuu alikwambia neno baya. Neno hilo nami nimelipata, kutoka kwako, na sikuwa nimenyolewa hata upande mmoja.

Mwanao, ukitaka


19 Novemba

Shikamoo baba,

Habari za siku nyingi. Dereva ananiambia kila wiki kwamba u mzima na huna barua. Anaangalia pembeni akisema.

Tumekasirikiana vya kutosha. Mvua za Machi si mbali, na kisiki najua bado kipo. Nimenunua kadi yangu mwenyewe, haitaingia harusi hata moja. Nikija nitampiga picha ndege wetu alivyo, na kijiti, na matope, na nzi akitua puani. Sitagusa kitu. Wataalamu wamesema watapokea, ila wataitazama kwa makini zaidi kwa sababu ni mimi. Wana haki.

Niambie tu ameanza kulia, nitakuja siku hiyo hiyo. Nataka tumpige tena, wewe na mimi.

Mwanao


11 Aprili

Mwanangu,

Natumaini hujambo. Mimi ni mzima wa mwili. Mwandiko huu ni wa mshonaji, mimi nasema yeye anaandika. Tundu limeziba. Nilikuwa nalitumia kidogo kidogo kama mtu mwenye sabuni ya mwisho, lakini limeziba.

Barua yako ya Novemba niliipata. Mshonaji alinisomea mara mbili. Nilitaka kujibu, nikawa naahirisha.

Mwezi uliopita alikuja mgeni, mtu wa makamo, mpole, na lenzi ndefu kama bomba la jiko. Alisikia kwa wataalamu kwamba kuna picha ilitumwa kutoka huku ikakataliwa, akasema moshi haufuki pasipo moto. Akauliza mjini ni nani anayelijua bwawa. Wakamwambia Nimeona. Nikampeleka kibandani. Kwa njia ile sihitaji macho.

Mpuliza chupa alikuwa ameshaanza kulia, mwanangu. Utaniuliza kwa nini sikukuita. Nilifikiri sana. Ungepiga wewe, wangesema umechezea tena. Angepiga yeye, wangeamini. Nilitaka mtu wa kuaminika, na muda wangu ulikuwa umekwisha.

Tulipokuwa tunangoja mle ndani aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, yule aliyeghushi picha mwaka jana unamfahamu?" Ningesema ni binti yangu, angefunga mkoba wake akaenda zake, angejua anachezewa na ukoo mzima. Nikamjibu, "Ni mtu wa mjini huko." Hakuuliza tena.

Nilisikia mlio wa kupuliza, karibu kabisa, kisha kamera yake ikatetemeka mara nyingi mfululizo. Haina kelele kama yako. Ndege hakushtuka.

Imetoka gazetini. Mshonaji amenisomea. Imeandikwa ni picha ya kwanza ya kweli ya ndege huyu, na kwamba iliyotangulia ilikuwa ya kughushi. Mimi nimeandikwa kama mwenyeji aliyeonyesha njia. Nilimwuliza mshonaji, kifuani kuna nini? Akasema kuna kijiti. Kimepita pale pale.

Mkuu wa idara kaja nyumbani na gazeti. Amekaa, amekunywa chai, ameniomba radhi kwa maneno yanayosikika. Kinyozi ametundika ukurasa wenyewe. Kwa hiyo mambo yametengemaa, na nilitaka uyasikie kwangu. Njoo unisalimie ukipata nafasi.

Baba yako

Mimi mshonaji naongeza langu: nimeandika alivyosema. Ningekuwa mimi nisingesema hivyo, na nimemwambia.


27 Aprili

Shikamoo baba,

Natumaini goti halikusumbui, maana macho yamekwisha sumbua vya kutosha. Pole sana kwa jicho. Hilo nalisema kwa moyo wangu wote, na yanayofuata nayasema kwa moyo huo huo.

Gazeti nililiona kabla ya barua yako. Mteja alikuja nalo studio, akalilaza mezani ili avae tai. Picha ni nzuri. Yule bwana anajua kazi. Niliweka kidole juu ya kijiti. Nilikikumbuka kila fundo, kwa sababu nilikifuta fundo kwa fundo. Bosi naye akasoma maelezo, akatazama ukutani, akasoma tena. Jioni alishusha picha yangu karibu na mlango. Hakunifukuza. Ameniambia tu niwe napiga za pasipoti, kwa sababu zile haziruhusiwi kurembeshwa.

Sikulaumu kumpa mgeni kisiki. Mvua zilikuwa zinapita na jicho lilikuwa linapita. Ningeumia, halafu ningeelewa.

Lakini mle kibandani tulikuwa wawili, baba. Ulinishika kiwiko. Ulinifinya. Duniani kuna mtu mmoja tu anayejua kwamba nilimpiga ndege yule kabla ya mtu mwingine yeyote, na kwamba alikuwa ndege kweli. Mtu huyo aliulizwa, akasema ni mtu wa mjini. Mkuu wa idara alikuuliza mara mbili, ukumbi mzima ukicheka, kazi yako ikiwa mkononi mwake, na mara zote mbili ulisimama. Mgeni alikuuliza mara moja, kwa upole, tena mkiwa mmekaa. Neno lenyewe ulikuwa nalo mdomoni maisha yako yote. Ungeniazima mara moja tu.

Hongera kwa chai ya mkuu. Sasa hakuna atakayekuita mwongo. Nafasi hiyo imepata mtu.

Dawa ya matone nimempa dereva, mshonaji akutilie asubuhi na jioni, daktari anasema inapunguza maumivu hata kama haionyeshi. Nitaendelea kuituma. Usinisubiri mimi.

Mshonaji, wewe unayesoma: asante kwa maneno yako mawili ya mwisho. Msomee yote bila kuruka, mpaka kwenye sahihi.

Mtoto wa Nimeona